Nani Alirudisha Plagi?

Msimu wa mvua ulipoanza, kila siku baada ya saa nane mchana mawingu yalijikusanya juu ya kilima chenye mnara wa simu, na kila siku binti mmoja wa miaka kumi na miwili aliingia kazini. Hakuna aliyemtuma wala kumkumbusha. Alitupa mkoba wa shule kitandani, akachungulia kupitia dirisha la jikoni, akanusa hewa, kisha akatangaza kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema:

"Zimebaki dakika ishirini. Tunachomoa!"

Ndiyo maana nyumbani walimwita Waziri. Jina lenyewe lilikuwa Waziri wa Nishati, alilopewa na bibi yake, lakini nani ana muda wa kuita jina refu hivyo wakati mvua inakuja? Alianzia sebuleni kwenye televisheni, king'amuzi na redio. Hakuzima swichi tu akaenda zake, la hasha. Alichomoa plagi yenyewe ukutani akailaza chini, mbali na soketi. Akazunguka nyuma ya televisheni na kuchomoa waya wa antena unaoshuka kutoka juu ya bati, maana mwalimu wa sayansi aliwaambia kwamba radi haibishi hodi mlangoni tu, hata dirishani hupita. Akaenda kwenye friji, kisha kwenye simu zote zilizokuwa chaji. Mwisho kabisa alifika chumba cha mbele, kwenye cherehani ya umeme ya Mama.

Cherehani ile haikuwa kitu cha mchezo. Mama alikuwa fundi wa nguo, na kwa miaka tisa alishona kwa cherehani ya kukanyaga mpaka magoti yakaanza kumnung'unikia. Hii ya umeme aliipata mwaka uliopita. Ilikuwa nyeupe, na ubavuni ilikuwa na kitaa kidogo cha kijani kilichowaka mara tu umeme unapoingia, hata kabla hujabonyeza kitu. Kila jioni Mama aliifuta vumbi na kuifunika kwa kitambaa safi.

"Siku nikisahau kuchomoa hii," Waziri alipenda kujigamba, "mnifukuze kazi."

"Sisi hatufukuzi mtu," Bibi alimjibu. "Tunampunguzia nyama."

Bibi huyo alikuwa mama yake Mama. Alikuwa na miaka sabini na minne, mguu mzito na mdomo mwepesi, na alilala chumba kimoja na Waziri. Miezi miwili iliyopita aliacha sufuria ya maharage jikoni, akaenda uani kubishana na jirani kuhusu kuku wanaoparua matuta yake ya mboga. Ubishi ulinoga. Aliporudi, maharage yalikuwa makaa. Ni kosa moja tu, na nani hajawahi kuunguza chakula? Lakini habari zilimfikia Mama Mkubwa, dada yake Mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine. Mama Mkubwa alimpenda sana mama yake, ila alikuwa mtu ambaye akipatwa na hofu hutoa amri.

"Mama anasahau," alisema kwenye simu. "Likitokea jambo jingine, nakuja kumchukua."

Bibi hakutaka hata kusikia. "Kule kwake watu wote hutoka asubuhi na kurudi jioni," alimwambia Waziri usiku ule. "Nitakaa nikihesabu matofali ya ukuta. Hapa nina mboga zangu, nina jirani wa kugombana naye, na nina wewe. Mimi siendi popote."

"Huendi, Bibi," Waziri alisema. "Nani atakuruhusu?"

Basi ikafika Alhamisi moja. Mama alikuwa amekwenda kituo cha mabasi kumpokea Mama Mkubwa, aliyekuja kuwatembelea hadi Jumapili. Juu ya meza ya kukatia nguo zilikuwa zimepangwa sketi na blauzi za wasichana thelathini na wawili wa kwaya ya shule. Zilikuwa zimekatwa lakini bado kushonwa, na zilitakiwa Jumatano asubuhi, siku ya mashindano. Mama alikuwa ametoa neno lake kwa mwalimu wa kwaya, na Mama akitoa neno, limetoka.

Mawingu yalikuja mapema siku hiyo. Waziri akafanya kazi yake, akachomoa kila kitu ngurumo zikiwa bado za mbali. Bibi alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, shali mabegani, kichwa kimeanza kuinama. Mvua ikashuka. Haukupita muda, taa ya ukumbini ikazimika, na mtaa mzima ukaingia gizani saa tisa ya mchana.

"Haya, umeme nao umekata tamaa," Waziri alisema peke yake. Akapita akizima swichi za taa zote, kama Mama alivyomfundisha, ili balbu zisiungue umeme ukirudi kwa nguvu.

Hapo ndipo akili yake ilipomchezea, na msidhani ni akili ya mjinga. Alisimama mbele ya cherehani akafikiri hivi: Mama atafika akitaka kushona. Umeme ukirudi tutajuaje, na taa zote nimezizima? Kwa kawaida majirani hupiga kelele "Umerudi!", lakini kwa mvua hii nani atawasikia? Kile kitaa cha kijani kingekuwa mlinzi mzuri. Na hatari iko wapi? Umeme umekatika, waya hauna kitu ndani. Radi itapita wapi?

Aliona wazo hilo ni zuri sana. Akaokota plagi ya cherehani akairudisha ukutani, akabonyeza swichi ya soketi, akakaa dirishani akingoja kitaa kiwake.

Hakikuwaka. Badala yake dunia nzima ikawa nyeupe. Mlio ukaja papo hapo, pamoja na mwanga, mpaka vioo vikatetemeka. Radi ilikuwa imepiga karibu na nguzo ya umeme iliyo kona ya barabara. Ndani ya cherehani kitu kikasema "pa!", moshi mwembamba ukatoka ubavuni, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua.

"Kitu gani hicho?" Bibi aliita kutoka sebuleni, akiwa amezinduka.

"Ni... ni radi, Bibi."

"Hiyo najua. Nauliza kilicholia humo ndani."

Waziri alirudi nyuma hatua mbili. Alisimama katikati ya chumba akiogopa kuigusa plagi. Saa ile nzima, hilo ndilo lilikuwa jambo la busara pekee alilofanya.

Mvua ilipopungua, Mama na Mama Mkubwa waliingia wakichuruzika maji, wakicheka, mabegi kichwani. Mama akanusa. Kicheko kikakatika. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mbele, akaitazama cherehani, kisha akafuata waya wake kwa macho mpaka ukutani.

"Nani alirudisha plagi?"

Waziri alifungua mdomo. Nawaambia kweli, alifungua mdomo ili aseme. Lakini Mama Mkubwa alikuwa mwepesi zaidi.

"Waziri hawezi," alisema. "Mtoto huyu sifa zake zimefika hadi kwangu. Sasa nani mwingine alikuwemo humu?"

Wakageuka wote kumtazama Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika fremu.

"Mimi?" Bibi alisema. "Nilikuwa nimesinzia. Au niliinuka?" Akajishika paji la uso. "Sikumbuki kuinuka. Lakini na maharage yale sikukumbuka. Labda ni mimi, wanangu. Nisameheni."

Na mdomo wa Waziri ukafungika. Ulifungika kwa woga, kwa aibu, na kwa jambo jingine baya zaidi, nalo ni nafuu. Alipata nafuu kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama.

Jioni, akiosha vyombo, alimsikia Mama Mkubwa akinong'ona ukumbini. "Leo cherehani, kesho nyumba nzima. Jumapili naondoka naye."

Mama hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Dada," kwa sauti ya kuchoka, akaivuta ile cherehani ya kukanyaga kutoka pembeni na kuanza kuipaka mafuta.

Siku ya Ijumaa shuleni, Waziri alimweleza rafiki yake wa dawati. Huyu walimwita Wakili, kwa kuwa hakuna kesi aliyowahi kushindwa, hata ile ya kuchelewa siku tatu mfululizo.

"Ngoja nikuulize," Wakili alisema akinyoosha kidole. "Wewe umesema ni bibi yako?"

"Hapana."

"Umesema si wewe?"

"Hapana. Sijasema kitu."

"Basi hujasema uongo! Umenyamaza tu. Kunyamaza si kosa. Na bibi yako mwenyewe amekiri. Kesi imekwisha."

Waziri alitafuna kalamu. Maneno yalikuwa matamu, lakini hayakushuka tumboni. "Na akipelekwa kwa Mama Mkubwa?"

"Si atakaa kwa mtoto wake? Siyo jela." Kisha Wakili akaona uso wa rafiki yake, akashusha kidole. "Sikiliza, mimi nimekutetea tu. Sikusema kwamba utapata usingizi."

Jumamosi asubuhi Mama alibeba cherehani ya umeme, Waziri akabeba kanyagio lake, wakaenda kwa fundi wa vyombo vya umeme. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa moja, na rafu ndefu yenye kipande cha boksi kilichoandikwa WAGONJWA WA MVUA. Hapo zilijipanga redio, ving'amuzi, simu na chaja zake, kila kimoja kimefungiwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Fundi alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Karibu wodini," alisema. "Mgonjwa ana nini?"

Mama alieleza. Fundi alifungua skrubu, akanyanyua kifuniko, akapekua kwa kibano. Alitoa bodi ndogo iliyokuwa na doa jeusi.

"Mama, una bahati. Mota ni nzima. Iliyokufa ni hii bodi inayopokea umeme mwanzo. Nitapata nyingine, mje Jumatatu jioni. Ilikuwa ikishona wakati radi inapiga?"

"Hapana. Umeme ulikuwa umekatika. Plagi ilirudishwa baadaye."

Fundi alicheka puani. "Ahaa! Nawajua hao. Umeme umekatika, radi itapita wapi? Sivyo?"

Waziri alihisi masikio yanawaka. Ni maneno yake mwenyewe, herufi kwa herufi, na yule mtu hakuwepo.

"Kwani inapita wapi, fundi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Swali zuri, binti. Waya ni barabara. Umeme tunaoulipia ni gari moja tu linalotumia barabara hiyo. Gari lisipopita leo, barabara imeondoka?"

"Hapana."

"Ipo. Na radi ikipiga nguzo, au hata karibu na nguzo, inaikuta barabara inaingia hadi chumbani kwako. Kilicho mwisho wa barabara ndicho kinachogongwa." Aligonga bodi kwa kibano. "Kwa hiyo ukichomoa, umechomoa. Unangoja ngurumo ziishe kabisa, nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Na umeme ukirudi, unangoja tena dakika kumi, maana mara nyingi hurudi kwa kishindo."

"Mimi nina kile kisanduku cha kinga kwenye friji," Mama alisema.

"Kizuri. Umeme ukipanda na kushuka kitakusaidia. Lakini radi ikipiga karibu, inapita nacho." Fundi alionyesha rafu. "Nusu ya hawa walikuwa na kinga. Simu zile pale zilikuwa chaji tu, na mwenye simu mojawapo alikuwa akiongea nayo ikiwa ukutani. Bado anasikia kengele sikioni. Na jambo moja zaidi, binti, hili ulishike kuliko yote. Ukichelewa, ngurumo ziko juu ya kichwa, usiguse plagi wala waya wa antena. Kaa mbali, acha viungue. Chombo hununuliwa, mtoto hanunuliwi."

Kisha akamgeukia Mama. "Na aliyeirudisha hii si mjinga. Mjinga haichomoi tangu mwanzo. Huyu ni mjuaji aliyejua nusu."

"Ni mama yangu," Mama alisema taratibu. "Umri umekwenda. Kichwa kimeanza kuchoka."

"Pole sana," fundi alisema, na uso wake ukabadilika kuwa wa huruma. "Ndiyo wazee wetu. Muwe naye karibu."

Waziri alitazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka.

Waliporudi, Mama Mkubwa alikuwa sebuleni anapiga pindo za sketi kwa mkono, na Mama akakaa kwenye cherehani ya kukanyaga. Waziri aliingia chumbani. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imelala mapajani. Begi lilikuwa wazi miguuni pake, nguo mbili ndani. Nje ya dirisha, kuku wa jirani walikuwa wanaparua matuta ya mboga kwa raha zao, na jirani mwenyewe alikuwa akiita, "Bibi wee! Leo huji kunitukana?" Bibi hakuitika.

"Bibi, kuku."

"Nimewaona." Hakuinuka. "Kaa hapa, mjukuu wangu. Nataka uniambie ukweli, wewe huwa hunifichi. Huwa narudia maneno?"

"Hapana, Bibi."

"Huwa nakuita kwa jina la mtu mwingine?"

"Hapana."

Bibi alitikisa kichwa, hakuridhika. "Usiku nilihesabu watoto wangu wote, na siku walizozaliwa, na mvua ilikuwa ikinyesha au jua linawaka. Nikawapata wote. Nikahesabu majirani wa nyumba ya kwanza tuliyokaa. Nikawapata. Lakini hiyo plagi siioni. Najitafuta nikiinuka kwenye kiti, nikiingia chumba cha mbele, nikiinama. Sijioni. Nimetafuta siku tatu." Sauti yake ikatetemeka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Waziri kuisikia ikitetemeka. "Kama jambo la juzi tu limefutika lote hivyo, mengine mangapi yamefutika na mimi sijui?"

Waziri alilitazama lile begi. Alikuwa amejiambia kwamba amenyamaza tu. Alikuwa amejiambia kwamba cherehani itapona. Sasa aliona alichokuwa anakiharibu, na hakikuwa cha plastiki.

"Hulikumbuki kwa sababu hukulifanya," alisema, na machozi yakaanza. "Ni mimi, Bibi. Mimi ndiye niliyerudisha. Nilidhani umeme ukikatika hakuna hatari. Wewe ulikuwa umesinzia."

Bibi aligeuka akamtazama usoni.

"Rudia."

"Ni mimi."

"Na umejua tangu Alhamisi."

"Tangu Alhamisi."

Bibi alishika nguzo ya kitanda, akainuka. Uso wake haukuwa na kicheko hata kidogo. "Futa pua. Twende sebuleni. Mimi nilikiri mbele ya watu jambo nisilolifanya. Wewe utakiri mbele ya watu uliyoyafanya."

Mguu wa Bibi ulikuwa mzito, lakini safari hiyo Waziri ndiye aliyebaki nyuma. Alisimama katikati ya sebule, akasema yote. Alieleza kuhusu kitaa cha kijani, kuhusu mlio, kuhusu mdomo uliofunguka ukafungika. Alieleza hata ile nafuu aliyoipata, ingawa hakuna ambaye angejua kama asingesema. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa imenyamaza.

"Waziri!" Mama alisema. "Siku tatu unamwangalia bibi yako hivi hivi? Nimekwenda kwa fundi nikamwambia mama yangu amechoka kichwa, na wewe umesimama pembeni yangu umeshika kanyagio?"

"Niliogopa, Mama."

"Ungesema Alhamisi, ningekugombeza Alhamisi, Ijumaa tungekuwa tumesahau!"

"Ngoja," Bibi alisema. "Yeye atapata zake. Lakini na ninyi wawili mna zenu. Mimi nilisema labda. Nani aliniuliza mara ya pili? Nani alikaa na mimi akasema, Mama, hebu tukumbuke pamoja? Hakuna! Mlikwenda ukumbini kunong'ona. Nina miaka sabini na minne, na masikio yangu yana afya kuliko yenu."

Mama Mkubwa aliweka sindano chini. Mwanamke huyu aliyezoea kuwaamrisha wabeba saruji alikuwa anatafuta pa kuweka mikono yake.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Nilikuwa na hofu tangu yale maharage. Mtu mwenye hofu akipata sababu, haikagui."

"Nimekusikia. Sasa kaniondolee lile begi chumbani, nisije nikajikwaa mkasema nimezeeka."

Mama Mkubwa alicheka huku akifuta macho. Alikwenda chumbani, akarudisha nguo kabatini yeye mwenyewe. Na Bibi akafungua dirisha akamwambia jirani kuhusu kuku wake maneno ambayo mtaa mzima uliyafurahia, kwa kuwa siku tatu walikuwa wameyakosa.

Kuhusu adhabu, Mama hakutafuta mbali. Cherehani ya kukanyaga isingeweza peke yake kumaliza nguo za watu thelathini na wawili, kwa hiyo vifungo vyote vya blauzi vingeshonwa kwa mkono, na mkono wenyewe ungekuwa wa Waziri. Kila blauzi ilikuwa na vifungo sita. Piga hesabu mwenyewe. Jumapili, Mama Mkubwa alipopanda basi peke yake, Waziri alikuwa kwenye vifungo. Jumatatu jioni, cherehani ya umeme iliporudi kutoka wodini ikiwa nzima na Mama akaikaribisha kwa wimbo, Waziri alikuwa kwenye vifungo. Siku hiyo mvua ilitishia, na alichomoa kila kitu mapema, akaviacha hivyo mpaka nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho na dakika kumi baada ya umeme kurudi. Ngurumo zikiwa bado za mbali, jirani alipopita akisema, "Si umeme umekatika, rudisheni tu!", Waziri alimkalisha kitini akamweleza habari ya barabara na gari mpaka jirani akaenda kwake mbio kuchomoa friji.

Jumanne alasiri zilibaki blauzi nne. Bibi alivuta kiti, akachukua moja, wakashona wote wawili karibu na dirisha.

"Bibi," Waziri alisema mwishowe, "umeshanisamehe?"

"Nimeanza. Usiniharakishe."

"Samahani, Bibi."

"Sitakuambia si kitu, maana ni kitu. Kukosea hukukosea peke yako, hata fundi amesema wapo wengi wanaodhani kama ulivyodhani. Ungekiri siku ile, lingekuwa kosa la nusu saa." Bibi alisogeza kifungo mahali pake, akachoma sindano. "Kesho utakua, utaharibu vitu vingine. Kila afanyaye kazi huharibu. Kitu kikiungua kuna fundi. Unampelekea, anafungua, anabadilisha bodi, maisha yanaendelea. Lakini mtu akianza kutoiamini akili yake mwenyewe, utampeleka kwa fundi gani? Mimi fundi wangu alikuwa mmoja tu duniani, yule aliyeujua ukweli. Na siku tatu alikuwa analala chumba kimoja na mimi."

Waziri alikata uzi, akasogeza kiti chake karibu na cha Bibi, wakaendelea na vifungo vilivyobaki.